Mtu wa Mbele Hana Shingo

Khabari ya kifo chake ilinikuta Nizwa, hapa Oman, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka la matairi, nikimngoja fundi aliyekwisha kuniambia "dakika mbili" mara nyingi hata nikaacha kumwamini. Simu ikalia. Alikuwa jamaa yangu mmoja wa Maskati. "Yule mzee wa baiskeli hatunaye," akasema. "Wamemzika asubuhi hii, kwao Ibra." Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua: mimi ni mtu wa kuhangaika, siwezi kumaliza kikombe cha chai mahali pamoja, na mke wangu husema hata nikilala miguu yangu iko safarini. Lakini mzee huyu alinizidi. Ndiyo maana nilimpenda, na ndiyo maana siku ile sikuweza kukubali kwamba kuna mahali wamemlaza na hainuki. Fundi aliponiona nazunguka gari alidhani nimekasirika kwa kucheleweshwa, akaniomba radhi na kuzikaza nati mbio mbio. 

Kutoka Nizwa mpaka Ibra kwa njia ya Sinaw si safari ya kuogopa, ila siku ile kila lori lilikuwa mbele yangu. Nilifika nikakuta sabla imejaa. Kwa wasomaji walio mbali, sabla ni ukumbi wa wanaume wa mtaa, na humo ndimo azaa, yaani matanga, inamokaliwa siku tatu. Unavua viatu, unaanza na wa kulia, unapeana mkono na safu nzima, unasema maneno yale yale aliyoyasema aliyekutangulia, unakaa, unaletewa tende na kahawa. Mwanawe mkubwa, mtu mwenye cheo chake ofisini, alikuwa amesimama karibu na mlango akipokea watu, uso umemkauka. Nikasikiliza yanayosemwa juu ya marehemu. Mmoja alisema alikuwa mtu wa barabara, ndiye aliyeendesha greda miaka ile njia zote za mkoa huu wa Sharqiyah zilipokuwa changarawe. Mwingine akasema alikuwa mwepesi wa salamu. Hakuna hata mmoja aliyetaja baiskeli. Nilijua kwa nini, na nilijua pia kwamba wao wanajua, na ukimya ule ukaniwasha mwili mzima. Ubavuni mwangu alikaa bwana mmoja mnene kutoka Ashkhara, muuza papa mkavu, aliyekuwa analia waziwazi, jambo ambalo wanaume wa huku hatulifanyi mbele za watu. Aliniinamia akaninong'oneza kwa Kiswahili kizuri cha watu wa bandari, "Mimi ndiye niliyemwinulia mkono." Nikamshika goti. 

Niwarudishe nyuma kidogo, maana mkono huo hauwezi kueleweka bila ya baiskeli, na baiskeli haiwezi kueleweka bila ya Mjerumani.

Tulijuana Birkat al Mauz, mimi na marehemu, kwenye chakula cha harusi iliyotukutanisha jamaa zake na jamaa zangu. Tumeketi chini ya migomba, falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, inapita karibu na mkeka, kila mtu ameinamia wali. Kila mtu ila yeye. Alikuwa akila tonge moja anainuka, anakwenda kutazama maji, anarudi, anakula jingine, anainuka tena. Nilimwambia, "Mzee wangu, kaa ule, chakula hakikimbii." Akanijibu bila ya kukaa, "Nikikaa nakufa, bwana. Ninyi watu wa Unguja mmeumbiwa baraza. Sisi wa Tabora tuliumbiwa safari." Wali ulipokwisha akalichukua sinia kubwa, akaliinamisha huku na huku, akalaza finjani ya kahawa ubavuni, akaifanya izunguke ukingoni. Finjani ikazunguka, ikazunguka, watoto wakakusanyika. "Mnaona? Uwanja wa baiskeli uko hivi. Umelalia upande kama ukingo huu wa sinia. Spidi ikiwapo unakaa juu. Ikipungua unaporomoka katikati." Akaacha kuliinamisha, finjani ikaanguka, na mwenye harusi akaja kuuliza nani anayecheza na vyombo vya watu.

Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari za yule aliyekuwa akimwita "Mjerumani wetu", kwa sauti ya mtu anayemtaja mjomba. Babu yake marehemu alikuwa na duka Tabora wakati wa utawala wa Wajerumani, reli ikijengwa, na katika mafundi wa reli alikuwamo mmoja aliyekuwa akija jioni kunywa kahawa barazani na kumfundisha babu kunyoosha rimu na kukaza spoku. Fundi huyo kwao alikuwa mtu wa mashindano. Alianza kijana mdogo, mwanagenzi wa kiwanda cha vyerahani, akishindana na wenzake siku za Jumapili. Akapanda mpaka viwanja vikubwa vya saruji na mbao, mbele ya maelfu ya watu, kwanza kwenye mbio fupi ambazo watu wawili huviziana hata wakasimamisha baiskeli kabisa, kila mmoja anataka mwenzake aanze. Kisha akaingia kwenye mbio za hatari, zile za kukimbia nyuma ya pikipiki. Pikipiki hutangulia, dereva wake amesimama wima na koti pana, kazi yake ni moja tu, kumkatia upepo anayemfuata. Mwenye baiskeli hujificha katika kivuli hicho, gurudumu lake linakaribia kugusa, na hapo anakwenda mwendo ambao miguu ya binadamu peke yake haiufikii. Mjerumani wetu alikuwa hodari wa hayo. Alivishwa mashada ya maua. Picha yake ilikuwa ikiuzwa madukani kwenye kadi. Aliwaona wenzake wakifa mbele yake kwa kupasuka tairi, akapanda tena wiki iliyofuata. Nakiri kwamba kila marehemu alipoihadithia khabari hii shada la maua lilizidi kuwa kubwa, na mwisho likawa linabebwa na watu wanne.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo hadithi haikubadilika hata siku moja. Mjerumani alimalizwa na salamu. Alasiri moja, anaongoza, dereva wake wa pikipiki akawaona wakubwa fulani jukwaani, akageuza shingo, akainua mkono kuwapungia. Ni kitendo cha kupepesa jicho. Mwendo ukalegea kidogo, upepo ukaingia, gurudumu likagusa. Alivunjika mtulinga na mguu. Alipopona alirudi uwanjani, lakini woga ulikuwa umekwisha mwingia, sasa alikuwa anaendesha huku anamtazama dereva wake badala ya kumwamini, na mtu hawezi kushinda hivyo. Vijana wakampita. Watu waliokuwa wakimshangilia wakampigia miluzi. Akasikia kwamba reli ya Afrika inataka mafundi, akaja. Kwa babu yule wa Tabora aliacha mambo mawili, namna ya kunyoosha rimu, na neno alilokuwa akilirudia kila alipokunywa kahawa, kwamba mtu wa mbele hana shingo. Vita vilipokuja aliondoka na askari, na hakuna aliyejua alikoishia. Siwezi kuyathibitisha haya, wala sikujaribu. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba mzee mmoja wa Ibra aliishi maisha yake yote kana kwamba Mjerumani yule atarudi wakati wowote na kumkagua.

Maana na yeye alikimbia. Tabora, ujana wake, kwenye njia ya udongo iliyouzunguka uwanja wa mpira, siku za sikukuu. Dereva wake alikuwa rafiki yake wa Kihindi mwenye pikipiki, na marehemu alikuwa akimfunga dereva huyo shingo kwa kilemba ili asigeuke. Alishinda karabai, akashinda blanketi, akawashinda watu waliotoka Mwanza na baiskeli bora kuliko yake. Kisha mambo ya dunia yakageuka, jamaa wakawa wanarudi Oman mmoja mmoja, naye akarudi, kijana aliyezoea kuzunguka uwanja akajikuta katika nchi isiyokuwa na lami ya kutosha kuzungukia hata mara moja. Wakampa greda. Alinambia, "Nilitafuta njia ya kupitisha baiskeli, sikuiona, basi nikaanza kuisawazisha mwenyewe." Ndivyo alivyokuwa, hata mshahara wa serikali aliupokea kana kwamba anajitengenezea uwanja. Lami ilipofika, umri ulikuwa umekwisha pita, watoto wamekuwa, baiskeli imetundikwa stoo.

Mjukuu wake ndiye aliyeiteremsha. Msichana wa chuo, mwembamba, mwenye macho ya babu yake na ile tabia yake ya kutokaa. Alikua anasikia habari za Mjerumani tangu anyonyeshwe. Siku moja akaja kumwambia babu kwamba Maskati kutakuwa na mchujo wa timu ya wasichana, na kwamba hodari wa mbio za barabarani wote wana makocha, yeye hana mtu.  Mzee alikwenda uani akaanza kuchomelea bomba nyuma ya pikap yake, bomba la kuzunguka, ili gurudumu likigusa lisinase, na juu yake akafunga ubao mpana wa kuzuia upepo. Barabara ya zamani ya Ibra imekuwa kimya tangu ile kubwa ifunguliwe, na baada ya sala ya alfajiri unaweza kwenda mwendo mrefu bila ya kukutana na gari.

Nilikwenda nao mara moja, nimekaa kando ya dereva. Wazo lilikuwa niwe macho yake, mimi nitazame nyuma na yeye atazame mbele. Mzee alishika usukani kwa mikono miwili, kilemba kimeshuka mpaka shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ametulia. Mtu yule ambaye hakuweza kumaliza sahani ya wali alikaa hapo hagusi redio wala hakuni kichwa. Msichana yuko nyuma yetu karibu mno, kainama, anapumua. Akigonga kengele mara moja mzee anaongeza mwendo, akigonga mara mbili anapunguza. Tuliposimama kunywa maji nilimuuliza binti kama haogopi kwenda vile bila ya kuona kilicho mbele. Akacheka. "Ami, mimi siogopi, wallah. Babu hata hageuki. Mimi nataka kitu moja tu, nisisikie upepo. Nikiwa nyuma ya babu hakuna upepo, yaani sukuun, kimya kabisa." Mzee alikuwa anakaza spoku na hakuinua kichwa, lakini niliona amesikia.

Sasa niwaeleze juu ya salamu, hasa wale wa Mombasa na Dar mnaoona salamu zetu ni ndefu. Huku ndani kwetu, watu wawili wakikutana njiani husimama. Mmoja anauliza khabari, mwingine anasema hakuna khabari ila kheri, kisha anauliza yeye, na mara nyingi khabari yenyewe huja baada ya yote hayo. Anayempita mtu mzima bila ya kusimama amemtukana. Na sisi tuliorudi kutoka Afrika tulilishika jambo hili kwa nguvu kuliko waliozaliwa hapa. Tuliporudi Kiarabu chetu kilikuwa kinachekwa sokoni. Wote tuliitwa Wazinjibari, hata yeye wa Tabora ambaye hakuwahi kuiona Unguja kwa macho. Tukapimwa kwa kila kitu, namna ya kufunga kilemba, namna ya kutikisa finjani ukitosheka na kahawa, namna ya kusalimu. Kijana wa hapa akipita bila ya kusimama, amepita tu. Mmoja wetu akipita, ilikuwa ni ushahidi kwamba hawa si wenzetu. Basi tukasimama. Tulisimama kwa kila mkono ulioinuliwa kutoka Sur mpaka Manah, hata mguu ukajifunza kwenda kwenye breki kabla ya akili kuambiwa.

Asubuhi moja, kabla ya Ramadhani iliyopita, yule bwana wa Ashkhara alikuwa anakuja Ibra na pikap yake iliyojaa papa mkavu, kapita njia ya zamani kwa sababu ana mteja huko. Akaliona gari la rafiki yake. Hakuona kilicho nyuma ya ubao. Alitoa mkono dirishani akauinua, kama alivyouinua kila walipokutana tangu ujana wao. Na marehemu, mtu aliyelelewa na neno la Mjerumani, mtu aliyemfunga dereva wake shingo kwa kilemba Tabora, akakanyaga breki.

Msichana alivunjika mtulinga. Nilipokwenda kuwaona alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa, anamfariji babu yake badala ya kufarijiwa. "Babu, bas, mfupa utaunga. Mimi siko mgonjwa, niko mvunjika tu." Mzee alikuwa anatembea chumba kile kutoka ukuta mpaka ukuta. Hakutaka chai. Aliniambia tukiwa uani, "Mguu wenyewe ulikwenda. Sikuuamuru. Mimi ndiye niliyemfundisha asitazame, aniamini mimi, halafu mimi nikamwacha kwa ajili ya salamu." Nilimwambia ilikuwa ajali. Akanikata. "Ajali ni tairi kupasuka. Hii ilikuwa adabu." Mwanawe yule mkubwa, baba wa msichana, hakupandisha sauti, maana ni mtu aliyelelewa. Aliichukua baiskeli akaifungia stoo, ufunguo akautia mfukoni, na tangu siku ile akawa anamsalimu baba yake kwa maneno yote yanayotakiwa na hakuna zaidi. Nyumba ikawa na heshima tupu. Mtulinga ukaunga, mchujo ukaahirishwa ukasogezwa mpaka mwezi huu, msichana akaomba, baba akasema hapana, babu hakuthubutu kusema neno.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa kitandani, na miguu ilikuwa inatembea chini ya shuka. Ugonjwa ulikuwa wa moyo, au ndivyo madaktari walivyosema. Alinivuta karibu. "Hapa Ibra hapana dereva," akasema. "Nimewapitia wote kichwani. Kila mmoja ana ami yake njiani, ana mkwewe njiani. Mkono mmoja tu ukiinuka, kwisha. Anatakiwa mtu asiyejua mtu." Nikamtania, nikamwambia basi tafuta Mhindi. "Mhindi ndiye anayewajua wote, ndiye anayewauzia." Tukacheka, akakohoa. Kisha akanigeukia. "Wewe wa Nizwa," akasema, "huku nani anakujua?" Mwanawe akaingia na dawa, mazungumzo yakakatika, na mimi nikajifanya sikuelewa nilichoulizwa.

Hayo yote nilikuwa nayo kifuani nimekaa sablani, finjani mkononi, watu wanamsifia greda. Nilikuwa nataka kusimama niseme. Sikusimama, bila shaka, maana na mimi ni wale wale. Siku ya tatu, watu wamepungua, mwanawe akaja kukaa mbele yangu.  Akatoa ufunguo wa stoo mfukoni.

"Mama kaniita asubuhi hii," akasema. Mama yake, mjane wa marehemu, yuko ndani anakaa eda, haonekani na wageni. "Nimemwambia mchujo ni wiki ijayo na msiba bado mbichi, watu watasema nini. Akanijibu, 'Eda hii ni yangu mimi, si yake. Msiba wa mjukuu ni siku tatu, nazo zinakwisha leo. Mpe mtoto baiskeli yake.' Nikamwambia, mama, na nani atakaa mbele? Mimi siwezi, mimi njia nzima ni wajomba zangu. Akasema baba alikwisha mchagua mtu." Akauweka ufunguo kwenye mkeka kati yetu. "Ami, gari la baba unaliweza?"

Nataka mnielewe nilivyoogopa. Mimi nisiyeweza kupita duka bila ya kugeuka, mimi ambaye kila safari mke wangu hunikumbusha kutazama barabara, ndiye niliyechaguliwa kwa sababu moja tu, kwamba sijulikani. Nilitaka kusema sina muda, nina safu ya kuandika. Nikasema, "Naliweza, lakini nyuma atatazama nani?" Akasema, "Nitatazama mimi."

Basi asubuhi ya siku ya nne tuliswali, tukatoka. Msichana alikuja uani na kofia yake ngumu juu ya mtandio, akanambia, "Shikamoo, Ami," nikaitika marahaba. Alizunguka gari, akalishika lile bomba alilochomelea babu yake, akalizungusha kwa kidole kuona kama bado linazunguka. Halafu akapanda. Baba yake aliketi kando yangu, kageuka nyuma mzima mzima, mgongo ameupa barabara, anamtazama mwanawe kupitia kioo. Nikafunga kilemba mpaka shingoni. Tukaenda polepole, kisha tukaenda. Kengele ikalia mara moja, nikaongeza.  Nilijilaumu, nikajiuliza huyu mzee alijua nini juu yangu ambacho mimi sikijui, nikataka sana kutazama kioo na sikutazama.

Baada ya njia panda ya Sinaw kulikuwa na pikap imeegeshwa pembeni, na mtu amesimama mbele yake. Nilimtambua kutoka mbali kwa unene. Mtu mmoja tu katika njia ile nzima alikuwa ananijua, yule niliyekaa naye azaani, aliyelia begani pangu, aliyekunywa kahawa kutoka birika moja nami siku tatu. Mtu mzima kuliko mimi, na mfiwa. Akaniona. Akauinua mkono.

Mguu wangu ulitaka. Naliandika hili ili wanaomlaumu marehemu wajue, mguu ulikwenda wenyewe, niliusikia ukikiacha kikanyagio cha mwendo, nikaurudisha kwa nguvu kama unavyomvuta mtoto mkono barabarani. Nikampita. Nilimpita mzee mwenye msiba, mkono umeinuliwa, na sikumtazama usoni. Nyuma yangu kengele ikalia mara moja. Nikaongeza mwendo. Baba wa msichana akasema, "Anakuja vizuri," kisha akaendelea kutazama nyuma na nikasikia analia kwa mara ya kwanza tangu wamzike baba yake.

Jioni nilimpigia simu bwana yule wa Ashkhara kumtaka radhi. Nilianza na salamu zote, sikuruka hata moja, nikauliza khabari, nikauliza watoto, nikauliza bahari. Kisha nikaanza kujieleza. Hakuniacha nimalize. "Nilikuwa nakupimeni," akasema. "Nimekesha nawaza, huyu wa Nizwa ataweza? Nikasema niende nikasimame. Ungalisimama, wallahi, ningalikutoa garini." Kisha akaongeza, "Siendi Ashkhara mpaka mchujo upite. Kesho nitakuwa pale pale. Nitauinua tena."

Mchujo ni wiki ijayo. Huenda akachaguliwa, huenda asichaguliwe, wasichana wa Maskati ni hodari na wana baiskeli nyepesi. Mimi nililojifunza ni hili, na nimelijifunza nimechelewa, nikiwa na mvi. Tumetumia umri wetu kuwajibu wale wanaotuinulia mikono pembeni mwa njia, watuone kwamba sisi ni watu, na tulikuwa na sababu. Lakini kila mmoja wetu ana mtu nyuma yake, kainama, haoni mbele, ametuamini. Adabu yetu ya kwanza ni kwake yeye. Kesho alfajiri mzee mmoja mnene atasimama kwenye njia panda ya Sinaw na kuuinua mkono ule ule ulioyaharibu yote, ili tumpite.